Trekta Dogo na Pipa la Biodizeli: Uchambuzi wa Kisa cha Injini Iliyozimika Kazini

Trekta linalozungumziwa hapa lililetwa kwangu likiwa na lalamiko moja: injini inawaka vizuri, inafanya kazi kwa dakika 15 hadi 20, kisha inaanza kulegea kila mzigo unapoongezeka, inakohoa, na mwishowe inazimika. Ikipumzishwa nusu saa inawaka tena kana kwamba haijapata kuugua, lakini haichukui muda kabla ya kuzimika upya. Mwenye trekta alikuwa amekwisha kupita karakana nyingine, ambako aliambiwa kwamba pampu ya mafuta imekufa kwa sababu ya kuchomea injini "mafuta ya kupikia", na kwamba hakuna dawa isipokuwa kununua pampu mpya pamoja na nozeli zote tatu, yaani vinyunyizio vya mafuta. Alikuja kwangu apate fundi wa pili wa kuithibitisha hukumu hiyo au kuipinga. Niliipinga, na nimeona inafaa nieleze kwa kirefu jinsi nilivyofikia uamuzi huo, kwa sababu kosa lililofanyika pale nimeliona likirudiwa na mafundi wazuri kabisa, na hugharimu watu pampu ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Hoja yangu naitanguliza ili msomaji aipime kadiri maelezo yanavyoendelea. Trekta hili lilikuwa likitumia biodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na biodizeli hiyo haikuleta madhara ilipokuwa ikiungua ndani ya silinda. Iliyaleta ilipokuwa imekaa, kwanza ndani ya pipa, kisha ndani ya tangi. Trekta dogo hukaa muda mrefu zaidi kuliko linavyofanya kazi, na mafuta yanayolifaa lori linalotembea kila siku yanaweza kuliponza trekta linalowashwa mara moja kwa wiki.

Trekta lenyewe na historia yake

Ni trekta la nguvu za farasi 24, lenye injini ya silinda tatu na ujazo wa lita 1.1. Mafuta hayanyunyizwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali katika chumba kidogo kilicho juu ya silinda, na mwako ukishaanza humo ndipo husambaa kwenda kwenye pistoni. Pampu yake ni ya kimakanika tupu. Hakuna kompyuta wala kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Tangi linabeba lita 28. Mita ya saa ilisoma 1,900, na kwa miaka yake 14 ya mwanzo lilinyweshwa dizeli ya kawaida peke yake. Kazi yake ni kukata nyasi, kubeba udongo na kuvuta tela, jumla ya saa zipatazo 70 kwa mwaka. Kwa wastani linatumia lita 3 kwa saa, kwa hiyo kwa mwaka mzima halimalizi zaidi ya lita 210. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo, kwa kuwa nitairudia.

Miezi 11 kabla ya kuletwa kwangu, mwenye trekta alinunua pipa la lita 200 la biodizeli tupu, ile inayoitwa B100, iliyotengenezwa kwa mafuta ya soya. Hakununua kwa pupa. Aliomba cheti cha maabara, akakisoma, na akafanya jambo ambalo ni wachache hulifanya: alijaza chupa ndogo ya kioo kutoka katika pipa lile siku ileile, akaifunga vizuri na kuiweka kabatini gizani. Kwa chupa ile ninamshukuru hadi leo, kwa kuwa ndiyo iliyoumaliza ubishi.

Alimimina biodizeli katika tangi lililokuwa bado na mabaki ya dizeli chini. Baada ya saa kama 10 za kazi, injini ilipoteza nguvu na chujio la mafuta likakutwa limeziba. Akalibadilisha, injini ikapona, naye akaamini kwamba hilo ndilo lililotakiwa kutokea na kwamba limekwisha. Kuanzia hapo hakuona tatizo lolote, mpaka alipoliacha trekta bandani kwa miezi minne hivi, tangi likiwa nusu. Alipolirudisha kazini alihisi mafuta yale huenda yamepoteza ubora, akaamua kuyapunguza makali kwa kujaziliza dizeli ya kawaida iliyotoka kununuliwa. Siku hiyohiyo ndipo injini ilipoanza kuzimika.

Biodizeli si mafuta ya kupikia

Fundi wa kwanza aliposema "mafuta ya kupikia" alikuwa anachanganya vitu viwili, na mkanganyiko huo ulimpeleka moja kwa moja kwenye pampu. Mafuta ya mimea jinsi yalivyo ni mazito mno: katika nyuzi joto 40 za Selsiasi mnato wake huwa milimita mraba 30 hadi 40 kwa sekunde, wakati dizeli huwa kati ya 2 na 4 hivi. Yakipelekwa hivyo kwenye nozeli hayavunjiki kuwa ukungu mwembamba, hayaungui yote, na huacha kaboni kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni. Ni kweli kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mwenye trekta alinikumbusha jambo hilo kwa fahari. Lakini kuendesha injini katika maonyesho ni kazi tofauti na kuitunza kwa miaka.

Biodizeli hupatikana kwa kuyavunja mafuta hayo. Huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida magadi makali ya sodiamu au ya potasiamu, na mmenyuko huo huachanisha gliserini na asidi za mafuta. Gliserini hutua chini kwa uzito wake, na juu hubaki esta nyepesi, ndiyo biodizeli yenyewe, ambayo mnato wake ni 4 hadi 5 tu. Kwa ukubwa wa namba hizo, pampu na nozeli haziioni tofauti kubwa. Tena esta hiyo inalainisha vyuma vinavyosuguana ndani ya pampu vizuri kuliko dizeli ya leo iliyoondolewa salfa, kiasi kwamba hata asilimia 1 au 2 yake ikichanganywa katika dizeli huonekana katika vipimo vya ulainishaji. Kuituhumu kwamba imeila pampu ndani ya miezi michache, bila kuipima pampu yenyewe, ni kuhukumu kwa jina la kitu.

Upungufu wake wa nishati ni wa kweli, lakini hauwezi kueleza kisa hiki. Lita moja ya B100 ina nishati pungufu kwa asilimia 8 au 9 ikilinganishwa na dizeli, na dereva mwenye sikio zuri huuhisi upungufu huo anapopanda mlima. Ila upungufu wa namna hiyo huanza injini inapowashwa na hubaki vilevile kutwa nzima. Injini inayofanya kazi kwa nguvu zake zote kwa dakika 15, kisha ikafa, kisha ikafufuka ikipumzishwa, inalalamikia kitu kinachojaa polepole na kuachia polepole.

Uchunguzi

Kabla ya kulegeza bolti hata moja ya pampu, nilifanya jaribio ambalo naliona ni la lazima kwa kila anayeshuku pampu. Nilichukua kopo safi la lita 5, nikalijaza dizeli mpya, nikalining'iniza juu ya usawa wa injini, na kwa mpira mpya na chujio jipya la muda nikalipeleka moja kwa moja kwenye mlango wa pampu. Mpira wa kurudishia mafuta nao niliurudisha kwenye kopo lilelile, ili hata tone moja lisipite kwenye tangi. Nikatoa upepo, nikawasha, nikalifungia mashine ya kukatia nyasi na kulipeleka kwenye majani marefu. Lilikata kwa saa moja na dakika 10 bila kutetereka, nikiongeza dizeli koponi kadiri ilivyopungua. Pampu iliyokufa haiwezi kufanya hivyo. Ugonjwa ulikuwa kati ya tangi na mlango wa pampu, na sehemu hiyo ni tangi, mipira na chujio tu.

Nilipofungua kikombe cha kioo cha chujio, chini yake kulikuwa na maji ya kimo cha ukucha, na juu ya maji palikaa tabaka la rangi ya asali iliyoungua. Nilikata chujio kwa msumeno na kulikunjua karatasi yake mezani. Mikunjo yote ilikuwa imegandamana; nilipoitenganisha kwa kucha ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, na kitu kilichobaki kidoleni kilinata kama gundi ya seremala. Hakikuteleza kama ute wa vijidudu vinavyoota mahali maji na mafuta yanapokutana. Nikakitumbukiza kipande katika maji ya nyuzi 50, kwa kuwa biodizeli huganda nta katika baridi na nta ya namna hiyo huziba chujio vilevile. Ya soya huanza kufanya ukungu karibu na nyuzi 0, na ya mawese au ya mafuta ya wanyama huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi zaidi ya 10. Kama ingekuwa nta, ingeyeyuka ndani ya dakika moja. Haikuyeyuka.

Mpira wa kutoka tangini ulikuwa umevimba hadi klipu imezama ndani yake, na nilipoubonyeza kwa kidole gumba alama ya kidole ilibaki. Rangi iliyozunguka mdomo wa tangi, mahali mafuta yanapomwagikia wakati wa kujaza, ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa, ikatoka kwa kitambaa. Dalili hizo mbili hazikunishangaza: esta hiyo ni kiyeyushi, hulainisha rangi nyingi na huvimbisha mpira wa asili na mpira wa naitrili wa aina za zamani.

Baada ya hapo nilimwomba mwenye trekta anipeleke lilipo pipa. Lilikuwa limesimama nje, vizibo vikiwa juu, likiwa limebaki na mafuta pungufu kidogo ya nusu. Juu ya pipa, ndani ya ukingo, palikuwa na dimbwi la maji ya mvua lililozunguka kizibo. Pipa la namna hiyo hupumua: mchana hewa ya ndani hupanuka na kutoka, usiku pipa hupoa na kuvuta, na likivuta huku kizibo kimezamishwa majini, hunywa maji kupitia uzi wa kizibo. Upande wa chini alikuwa amefunga koki nzuri ya aloi ya shaba, bila kujua kwamba shaba na aloi zake huiharakisha biodizeli kuchacha. Nilipofungua kizibo nilipata harufu kali ya rangi ya mafuta inayokauka ukutani. Biodizeli mpya ya soya hainuki hivyo.

Ushahidi wa chupa

Niliweka mezani mafuta ya pipa na mafuta ya chupa ya kabatini. Ya chupa yalikuwa na rangi ya chai nyepesi na gazeti lilisomeka kupitia kioo chake. Ya pipa yalikuwa mekundu ya giza, na yenye ukungu. Nilianza kwa kumpima mtengenezaji. Mililita 3 za mafuta ya chupa nilizitia katika mililita 27 za methanoli kwenye joto la kawaida la chumba, nikatikisa na kusubiri. Esta huyeyuka yote katika methanoli kwa kiasi hicho, ilhali mafuta ambayo hayakumenyuka hutua chini kama matone. Hakuna tone lililotua. Mtengenezaji alikuwa amefanya kazi yake, na cheti chake hakikudanganya.

Sampuli zote mbili nilizipeleka maabara. Kiwango cha Marekani cha B100, ASTM D6751, na kile cha Ulaya, EN 14214, vyote vinataka namba ya asidi, yaani kiasi cha magadi makali kinachohitajika kuizima asidi iliyomo, isizidi miligramu 0.50 za magadi makali ya potasiamu kwa gramu. Mafuta ya chupa yalipimwa 0.3, sawa na cheti. Ya pipa yalikuwa yamefika 1.2. Maji katika mafuta ya chupa yalikuwa chini ya sehemu 400 kwa milioni, na ya pipa yalikuwa zaidi ya 1,400, wakati EN 14214 inaruhusu 500 tu. Biodizeli hupenda maji kuliko dizeli inavyoyapenda: huweza kubeba zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni zikiwa zimeyeyuka humo bila kuonekana kwa jicho, kiasi ambacho dizeli ingekuwa imekitema zamani.

Bado lilibaki swali lililonisumbua zaidi. Kama mafuta yalikuwa yamechacha kiasi hicho, kwa nini injini ilizimika siku ile alipoongeza dizeli safi, si wiki moja kabla ya kuliweka bandani? Nilijaza gilasi mbili. Katika ya kwanza nilichanganya mafuta ya chupa na dizeli nusu kwa nusu, katika ya pili mafuta ya pipa na dizeli kwa kipimo kilekile, nikazifunika na kwenda kulala. Asubuhi gilasi ya kwanza ilikuwa angavu kama nilivyoiacha. Katika ya pili palikuwa na vipande vya kahawia vimelala chini, na vingine vimeshika ukutani mwa kioo kama majani ya chai.

Maelezo yake ni haya. Soya ina kiasi kikubwa cha asidi za mafuta zenye vifungo pacha zaidi ya kimoja, na hapo ndipo oksijeni hushambulia kwanza. Esta ikioksidika hutoa asidi, na molekuli zake huanza kuungana mbili mbili, tatu tatu, hadi kuwa utomvu. Ndani ya esta yenyewe utomvu ule huendelea kuyeyuka, kwa hiyo mafuta huonekana mazima, mekundu kidogo tu. Dizeli ya kawaida haiwezi kuubeba. Dizeli mpya ilipoingia katika tangi lenye biodizeli iliyochacha, utomvu ulidondoka wote kwa mara moja, na pampu ikauvuta hadi kwenye karatasi ya chujio. Mtu aliyedhani anayapunguza makali ndiye aliyeyatoa, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu kwa akili ya kawaida alichofanya ni busara.

Kuziba mara mbili, magonjwa mawili

Kwa bahati njema mwenye trekta hakuwa amelitupa chujio la kwanza. Lilikuwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nililikata pia na kuliweka kando ya lile la pili. Karatasi yake ilikuwa nyeusi, imejaa chenga zilizosuguana kama mchanga laini kati ya vidole, na haikunata. Huo ulikuwa uchafu wa miaka 14 ya dizeli: lami, kutu na mashapo yaliyokuwa yameshika kuta za tangi bila kumsumbua mtu, mpaka esta ilipoyabandua. Kuziba kule kulikuwa kwa kutarajiwa kabisa, na kwa kweli kulikuwa ni usafi. Angeliosha tangi kwanza kusingetokea.

Chujio la pili lilizibwa na mafuta yenyewe. Kwa nje visa vyote viwili vinafanana, injini inakosa nguvu na chujio limeziba, na hapo ndipo mtu hupotea. Anayekumbuka ya kwanza husema "itapita", hununua chujio jingine na jingine, naye kumbe kila saa ya kazi analilisha utomvu. Ama hukata tamaa na kuilaumu pampu. Tofauti iko kwenye karatasi, na haionekani bila kulikata chujio. Ningependa kila fundi awe na desturi hiyo: chujio la trekta lililotumia biodizeli lisitupwe kabla ya kukatwa na kukunjuliwa, kwa kuwa linasema kilichoua injini kwa uwazi kuliko mita yoyote.

Sasa nirudi kwenye hesabu ya lita 210. Ushauri unaotolewa kwa B100 isiyotiwa dawa ya kuzuia kuoksidika ni kuitumia ndani ya miezi 4 hivi. Lori linalomaliza tangi kila siku mbili haliwezi kuuvunja ushauri huo hata likitaka. Trekta letu linahitaji karibu mwaka mzima kumaliza pipa moja, yaani lita za mwisho zingeingia injini zikiwa na umri mara tatu ya unaofaa, tena zikiwa zimekaa katika pipa linalozidi kuwa tupu, hivyo linalozidi kujaa hewa. Majaribio mengi yanayosifu biodizeli yalifanywa kwa injini zinazofanya kazi mfululizo, nami siyapingi. Yanahusu mwako, na kuhusu mwako yako sahihi. Hayakuwa na sababu ya kuuliza mafuta yatakuwaje yakisubiri bandani.

Oili na nozeli

Kijiti cha kupimia oili kilionyesha kimo kilichopita alama ya juu kwa upana wa kidole, na oili ilidondoka kijitini kwa wepesi usio wa kawaida. Oili haizai, iliyoongezeka ilikuwa mafuta. Nilitoa nozeli na kuzipima. Mbili zilifungua kwa shinikizo la karibu baa 140, kiwango cha injini hii, na kutoa ukungu mzuri. Ya tatu ilifungua kwa 118 na kudondosha baada ya kufunga. Mafuta ya nozeli inayodondosha huosha ukuta wa silinda na kuteremka hadi kwenye oili, hasa katika kazi fupifupi ambazo injini haipati joto lake. Kwa dizeli, sehemu ya mafuta hayo huwa nyepesi na huondoka kama mvuke injini inapopata moto. Biodizeli karibu yote huchemka kwenye nyuzi 315 hadi 350, joto ambalo oili ya injini haifiki, kwa hiyo ikishaingia haitoki, na ndani ya oili huendelea kuchacha na kuzimaliza dawa zake.

Hapa nakiri kwamba fundi wa kwanza alikuwa na robo ya ukweli: nozeli moja ilihitaji kazi. Niliisafisha, nikairudisha kwenye baa 140, ikanyunyiza sawasawa na wenzake. Haikuhitaji kununuliwa.

Matibabu

Nilimwaga mafuta yote ya tangini, nikalishusha tangi na kuliosha kwa biodizeli mpya, ambayo huyeyusha utomvu wake mwenyewe kuliko kitu kingine, kisha nikalisuuza kwa dizeli na kulikausha. Vitambaa nilivyofutia nilivitumbukiza katika ndoo ya chuma yenye maji na kuifunika. Kitambaa kilicholowa esta ya soya na kukunjwa pembeni hujipasha joto chenyewe kinapooksidika, na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Jambo hili halisemwi vya kutosha karakanani.

Mipira yote nilibadilisha kwa ile ya floroelastoma, aina ya mpira inayostahimili biodizeli, nikaweka chujio jipya, nikabadilisha oili mara mbili, ya kwanza baada ya saa 5 tu ili iondoe mabaki. Mafuta yaliyobaki pipani hatukujaribu kuyaokoa. Mwenye trekta aliuliza kama yangefaa kwa kuchanganywa kidogo kidogo. Gilasi ya pili ilikuwa bado mezani, nikamsogezea.

Kuhusu mafuta ya siku zijazo, sikumshauri aiache biodizeli. Tulikubaliana atumie B20, yaani asilimia 20 ya biodizeli mpya ndani ya dizeli, inayonunuliwa kwa dumu za lita 20 na kumalizwa ndani ya wiki kadhaa. Kwa kiwango hicho nishati hupungua kwa asilimia 1 au 2, ulainishaji unabaki mzuri, na sehemu ya faida ya moshi inabaki pia: tathmini ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani ya mwaka 2002, iliyohusu injini za magari makubwa, ilikadiria kwamba B20 hupunguza chembe za moshi kwa asilimia 10 hivi na kaboni monoksaidi kwa 11, huku oksidi za nitrojeni zikiongezeka kwa karibu 2. Sharti nililolisisitiza ni kwamba kabla ya trekta kulala zaidi ya mwezi mmoja, lifanye kazi saa nzima kwa dizeli tupu ili pampu, nozeli na mipira vibaki na dizeli, kisha tangi lijazwe dizeli hadi juu ili lisiwe na nafasi ya kuvuta unyevu.

Ushauri huu ni wa injini ya aina hii. Angeniletea trekta jipya lenye nguvu zaidi kidogo ningesema mengine. Kanuni za Marekani za injini za kilowati 19 hadi 56, yaani kuanzia nguvu za farasi 25 hivi, zilikaza kiwango cha masizi mwaka 2013, na injini nyingi za kundi hilo zikawekewa kichujio cha masizi kwenye ekzosi pamoja na mfumo wa shinikizo kubwa unaoongozwa na kompyuta. Baadhi huchoma masizi yale kwa kunyunyiza mafuta ya ziada mwako ndani ya silinda ukiwa umekwisha, na sehemu ya mafuta hayo hushuka kwenye oili. Kwa biodizeli, isiyovukika kirahisi, tatizo nililolikuta kwenye nozeli moja mbovu hapo linakuwa sehemu ya utendaji wa kila siku. Kwa matrekta hayo mimi husimama kwenye kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, kiwe B5 au B20, na sipandi hata hatua moja.

Nililifuatilia trekta kwa saa 50. Baada ya saa 10 nilitoa chujio na kulikata kama nilivyozoea: karatasi ilikuwa na vumbi jeusi kidogo kwenye mikunjo ya chini, mabaki ya tangi, basi. Baada ya saa 50 nilikata la pili. Kimo cha oili kilikuwa kwenye alama, na kikombe cha kioo hakikuwa na maji. Karatasi ilikunjuka mkunjo kwa mkunjo bila kushikana, rangi yake ikiwa ya chai nyepesi, ileile ya mafuta yaliyokuwa kwenye chupa ya kabatini.